Volti, ampia, omu na wati: jinsi ya kupiga hesabu za vifaa vyako vya umeme mwenyewe

Wakuu, hii ni kwa yule mwenye birika la umeme, pasi, hita ya kuogea au kasola kadogo pale nyumbani, anataka kujua kifaa kinakula kiasi gani, waya wake unabeba au haubebi, na kikigoma kuwaka je kimekufa kabisa au bado kina matumaini. Hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu, kalkuleta ya simu inatosha. Kinachowachanganya watu, hata mafundi wenye miaka mingi kazini, sio hesabu bali ni kujua utumie njia ipi wakati gani, na hapo ndo nitakaa sana, mengine nitayapitia haraka.

Tuelewane majina kwanza. Volti (V) ni msukumo. Ampia ni mkondo wenyewe unaopita kwenye waya, kwenye hesabu inaandikwa I, kwenye lebo za vifaa inaandikwa A. Omu ni ukinzani, yaani kifaa au waya unavyoubana huo mkondo, herufi yake R, na kwenye multimita utaona kialama cha Ω. Wati ni kazi inayofanyika kila sekunde, iwe joto, mwanga au kuzungusha feni, herufi P. Hizi nne zimeshikana, ukijua mbili zozote unapata mbili zilizobaki:

R = V ÷ I
P = V × I

Ya kwanza ni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeichapisha mwaka 1827, ndo maana kipimo kinaitwa omu. Ukiichukua hiyo ya kwanza ukaiingiza ndani ya ya pili zinatoka nyingine mbili:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Hizi mbili za chini zishike vizuri maana ndo zinazoleta ubishi kijiweni, moja inasema omu ikipungua joto linaongezeka, nyingine inasema omu ikiongezeka joto linaongezeka, na zote ni kweli. Tutafika huko.

Hatua ya 1: soma lebo, na uisome yote

Geuza birika lako la umeme usome chini. Mengi yanayouzwa huku kwetu yameandikwa 220-240V, 50Hz, 1850-2200W. Watu wanaona 2200 wanaishia hapo hapo. Lebo inakwambia hivi: kwenye volti 220 linakula wati 1850, kwenye volti 240 linakula wati 2200. Sasa chukua kalkuleta.

Kwenye volti 220: ampia = 1850 ÷ 220 = 8.41. Omu = 220 ÷ 8.41 = 26.2.

Kwenye volti 240: ampia = 2200 ÷ 240 = 9.17. Omu = 240 ÷ 9.17 = 26.2.

Umeona kitu hapo? Volti zimepanda, ampia zikapanda, wati zikapanda, ila omu imebaki palepale 26.2, kwa sababu omu ni mali ya ile koili iliyoko chini ya birika na yenyewe haijui kama uko Dar au Nairobi. Kwahiyo kwa kifaa chochote cha kupasha joto, ukishapata omu yake umekimaliza, volti yoyote utakayokipa unajua kitafanya nini. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, kwahiyo birika hili hili: 230 ÷ 26.2 = ampia 8.8, na 230 × 8.8 = wati 2020 hivi. Kenya na Uganda piga na 240.

Lebo nyingine zinakupa volti na ampia bila wati, nyingine volti na wati bila ampia, sio shida, ndo kazi ya zile njia mbili za juu. Angalia tu isije ikawa imeandikwa mA ukasoma A, 500mA ni ampia 0.5, ukikosea hapo jibu lako linakosea mara 1000.

Hatua ya 2: pima omu bila umeme

Multimita ya bei ya kawaida inatosha kabisa. Chomoa kifaa kwenye soketi. Narudia, chomoa, usizime swichi tu, omu haipimwi kwenye kitu chenye umeme, utaunguza mita na unaweza ukaumia.

Weka mita kwenye Ω, skeli ya 200 kama yako sio ya kujiseti yenyewe. Gusanisha zile nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, usome. Haitaonyesha sifuri, itaonyesha 0.3 au 0.4, hiyo ni omu ya nyaya za mita zenyewe na lazima uitoe kwenye jibu. Kwenye birika haina madhara makubwa, ila kwenye hita ya kuogea yenye omu 8 na kitu inaleta tofauti.

Sasa gusa pini mbili za chini za plagi, zile mbili fupi, ile ndefu ya juu ni ya athi (waya wa ardhini) iache kwanza. Na hapa watu wengi wanatupa vifaa vizima kwa sababu ya kitu kimoja cha kijinga: swichi ya birika iko off. Bonyeza swichi iwe on huku plagi iko mkononi mwako haijachomekwa popote, na birika likae kwenye kitako chake. Pasi nayo zungusha ule mviringo wa joto uende mwisho. Ndo usome. Ikija 26.6, toa 0.4 ya nyaya, unabaki na 26.2, birika zima, hamna ubishi. Ikionyesha OL au 1 peke yake upande wa kushoto maana yake njia imekatika mahali, inaweza kuwa koili, inaweza kuwa fyuzi ndani ya plagi, inaweza kuwa ka-thamostati (kale kanakokata joto likifika), anza na fyuzi maana ni bei ya chini kuliko vyote.

Kisha peleka mita kwenye skeli kubwa kabisa ya Ω, maana ile ya 200 haiwezi kuonyesha kilo-omu, weka waya mmoja wa mita kwenye pini ndefu ya athi na mwingine kwenye pini fupi, moja baada ya nyingine. Hapo sasa unataka OL. Ukipata namba yoyote, hata iwe kilo-omu kadhaa, koili imeanza kuvujisha umeme kwenye bodi, ndo zile hita zinazorusha ukigusa bomba. Usilitumie. Ila ujue pia kwamba multimita inapima kwa vivolti vichache tu, kwahiyo OL yake sio cheti cha usalama, fundi anayejielewa anapima uvujaji kwa mega inayosukuma volti 500.

Ampia je? Kupima ampia na multimita ya kawaida inabidi ukate njia uiweke mita katikati, na kwenye umeme wa 230 sikushauri kama sio fundi. Kosa linaloua mita nyingi ni mtu kaweka waya kwenye tundu la 10A halafu anachomeka kwenye soketi kama anapima volti. Kwenye tundu la ampia mita ina omu karibu na sifuri, sasa 230 gawanya kwa karibu na sifuri uone unapata nini, ni shoti mkononi mwako. Kama unahitaji ampia mara kwa mara nunua klampu mita, inashika waya kwa nje bila kukata kitu, ila ishike waya mmoja, laivu (unaoleta umeme) peke yake au nyutro (unaorudisha) peke yake, ukishika kebo nzima inasoma sifuri kwa sababu unaoenda na unaorudi vinafutana.

Hatua ya 3: acha LUKU ikupimie wati

Hii naipenda zaidi kwa sababu hugusi waya wowote. Kwenye mita yako ya LUKU, ile ya kununulia umeme, kuna kataa kadogo kekundu kanapepesa, na pembeni yake kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh, nyingine 1600, nyingine 3200. Maana yake kakipepesa mara 1000 umetumia uniti moja (kWh), yaani wati 1000 kwa saa nzima.

Zima kila kitu ndani, friji, tv, chaja, hakikisha kataa kametulia. Washa birika peke yake. Hesabu mipepeso kwa dakika moja kwa saa ya simu. Tuseme umepata 34. Kwa saa nzima ingekuwa 34 × 60 = 2040, gawanya kwa 1000 ni kilowati 2.04, yaani wati 2040. Kama mita yako ni 1600 ungegawanya kwa 1600. Linganisha na 2020 tuliyopata kwa hesabu, zinakaribiana, na tofauti ya mpepeso mmoja kwa dakika ni wati 60 kwahiyo usigombane na mita kwa hilo, ukitaka usahihi zaidi hesabu dakika tano.

Ukishakuwa na wati, ampia ni 2040 ÷ 230 = 8.9. Umeipata bila kukata waya.

Na pesa: kuchemsha lita moja na nusu kutoka nyuzi 25 mpaka 100 kunahitaji kama uniti 0.13. Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani ambapo elfu moja inakupa uniti 2.8, hiyo ni shilingi 46 au 47. Sio birika linalokumalizia LUKU aisee, ni vile vitu vinavyokaa vimewaka masaa.

Hatua ya 4: umeme ukiwa mdogo

Saa moja jioni mtaa mzima unapika na kupiga pasi, volti zinashuka. Pima kwenye soketi (mita kwenye V~ skeli ya 750, nyaya kwenye matundu ya kawaida sio ya 10A), unaweza kukuta 180. Birika linafanyaje? Wengi wanasema 180 ni kama asilimia 78 ya 230 basi birika limepungua kwa asilimia 22. Hapana. Omu haijabadilika, kwahiyo 180 ÷ 26.2 = ampia 6.87, halafu 180 × 6.87 = wati 1237. Kutoka 2020 mpaka 1237, umepoteza karibu asilimia 39. Volti zimeshuka na ampia nazo zimeshuka, vyote viwili vinaingia kwenye kuzidisha, ndo maana kwenye njia ya P = V × V ÷ R volti inajizidisha yenyewe.

Ile lita moja na nusu iliyochemka kwa dakika nne kasoro sasa inachukua dakika sita na zaidi. Je LUKU inaliwa zaidi? Kwa birika, sio sana, maji yanahitaji joto lile lile, utaongeza kidogo tu kwa sababu ya joto linalopotea wakati unasubiri. Friji ni habari nyingine, nitaigusa mwishoni.

Hatua ya 5: omu ikipungua au ikiongezeka, wapi kunaungua?

Hapa ndo penyewe. Chukua jiko la koili la wati 1000, lile la kutengenezewa kwenye sahani ya udongo, wanafunzi wa hosteli wanalijua. Omu yake 230 × 230 ÷ 1000 = 52.9. Siku moja koili inakatika, unachofanya ni kutoa kipande kilichoungua, unanyoosha ncha mbili unazisokota pamoja, jiko linawaka tena, na kila mtu anashangaa jinsi linavyowaka vizuri kuliko zamani! Linawaka vizuri kweli, sio macho yako. Umetoa sehemu ya kumi ya urefu, omu imeshuka mpaka 47.6, wati zimepanda mpaka 1111. Likikatika tena ukapunguza mpaka imebaki robo tatu ya koili, omu ni 39.7, wati 1333, ampia 5.8 badala ya 4.3. Waya ule ule mwembamba sasa unabeba joto zaidi kwenye urefu mdogo zaidi, kwahiyo utakatika mapema kuliko mara ya kwanza, na kila ukirekebisha unaufupishia maisha. Kwahiyo hapa omu ndogo, joto kubwa.

Sasa njoo kwenye soketi. Plagi imelegea, vile vibati vya ndani vimechoka, vinagusa kidogo tu kwa pembeni, na hapo pamejitengenezea ukinzani wa nusu omu. Nusu omu! Ukichomeka birika, njia nzima ni 26.2 + 0.5 = 26.7, ampia ni 230 ÷ 26.7 = 8.61. Birika linapata 8.61 × 8.61 × 26.2 = wati 1942, linachemsha kama kawaida, hutahisi chochote. Ila pale kwenye mgusano: 8.61 × 8.61 × 0.5 = wati 37. Hiyo ni kama umeficha pasi ya kusolda imewaka ndani ya ukuta wako, kwenye sehemu ndogo kuliko ncha ya kidole, kila siku ukichemsha chai. Plastiki inabadilika rangi, inanukia, vibati vinazidi kulegea kwa joto, omu inapanda, joto linapanda. Breka (ile swichi inayojikata yenyewe ampia zikizidi) haitakuja kukata hata siku moja kwa sababu ampia hazijaongezeka, zimepungua kidogo. Moto mwingi unaanzia hapo na watu wanasema ni shoti. Hapa omu kubwa, joto kubwa.

Na shoti yenyewe? Chukua nusu omu ile ile, safari hii iwe kati ya laivu na nyutro bila birika katikati. 230 ÷ 0.5 = ampia 460. Breka inaruka papo hapo.

Kwahiyo swali la kujiuliza kabla hujashika kalkuleta ni moja: ampia zinaamuliwa na nani? Kama kitu unachokipigia hesabu kimekaa chenyewe kati ya laivu na nyutro kinapata volti zote, chenyewe ndo kinaamua ampia, tumia P = V × V ÷ R, na hapo kupunguza omu kunaongeza joto. Kama ni kitu kidogo kimekaa njiani kwenda kwenye kifaa kikubwa, kama mgusano wa plagi, skrubu ya soketi iliyolegea, waya wa ekstensheni, basi ampia zimeshaamuliwa na kifaa na chenyewe hakina usemi, tumia P = I × I × R. Mwanafizikia wa Kiingereza James Joule ndiye aliyelipima hili mwaka 1841, kwamba joto kwenye waya linaenda na ampia zikizidishwa zenyewe, ndo maana waya unaobeba ampia mara mbili unapata joto mara nne.

Kitu cha kufanya leo: chemsha birika, likizima chomoa plagi uguse pini zake. Uvuguvugu sawa. Kama huwezi kushika, badilisha soketi, na kama pini zenyewe zimekuwa nyeusi badilisha na plagi, maana plagi mbovu itaharibu soketi mpya.

Hatua ya 6: waya na breka

Ongeza ampia za vyote vitakavyowaka kwa pamoja. Ekstensheni yenye plagi ya 13A mwisho wake ni 13 × 230 = wati 2990. Birika ampia 8.8 na pasi ya wati 1200 ampia 5.2, tayari ni 14, umevuka. Na usitegemee fyuzi ikuokoe hapo, fyuzi ya 13 ikivukwa kidogo haikatiki, inavumilia muda mrefu huku plagi inapikika. Ekstensheni ya kuviringisha nayo ikunjue yote kabla ya kuweka mzigo mkubwa.

Hita ya kuogea, zile za bombani zilizoandikwa 5500W kwa volti 220: omu ni 220 × 220 ÷ 5500 = 8.8. Kwa 230 inakula 230 ÷ 8.8 = ampia 26.1, wati 6000. Kwa 240 ni ampia 27.3 na wati 6545, yaani wati elfu moja zaidi ya ilivyoandikwa. Hiyo haichomekwi kwenye soketi yoyote, inataka waya wake wa 6mm (mm za waya ni milimita za mraba za shaba yake, sio upana) kutoka kwenye breka yake ya 32A, na athi ya kweli sio ya kuambiwa. Fundi akikwambia atakuungia kwenye waya wa soketi wa 2.5mm uliopo, mshukuru umtafute mwingine. Breka kazi yake ni kulinda waya, kwahiyo kumaliza tatizo la breka kuruka kwa kuweka breka kubwa kwenye waya ule ule ni kuhamisha moto kutoka kwenye breka kwenda ukutani.

Waya wenyewe wa shaba una omu zake: 1.5mm ni omu 12.1 kwa kilomita, 2.5mm ni 7.41, 4mm ni 4.61. Soketi iliyo mita 20 kutoka kwenye breka, umeme unaenda na kurudi, hizo ni mita 40, kwa 2.5mm unapata omu 0.3. Birika la ampia 8.8 linapoteza volti 2.6 na wati 23 njiani, ila wati 23 zimesambaa mita 40, waya haupati hata uvuguvugu. Linganisha na zile 37 za kwenye plagi.

Na kwa sababu namba hizi zinajulikana unaweza kukamata waya feki dukani, ule wenye aluminiamu iliyopakwa shaba au ulioandikwa 2.5 kumbe ni mwembamba. Multimita haisomi vizuri omu ndogo hivyo, ila R = V ÷ I inasoma. Roli la mita 100 la 2.5mm linatakiwa kuwa na omu 0.74. Chukua betri ya gari na balbu ya taa ya mbele ya wati 55, unganisha betri, roli zima, balbu, zikifuatana. Pima ampia kwenye njia kwa tundu la 10A (ni volti 12, hapa hakuna kifo), kisha pima volti kati ya mwanzo na mwisho wa roli. Ukipata ampia 4.0 na volti 2.96 ni 0.74, waya mzuri lipa ondoka. Ukipata ampia 3.7 na volti 4.4, hiyo ni 1.19, mrudishie bwana mkubwa waya wake.

Hatua ya 7: kwenye sola ya volti 12

Sheria ni zile zile ila zinauma zaidi. Kapampu ka wati 60 kwa volti 12 kanavuta ampia 5, kale kale kwa 230 kangevuta 0.26. Sasa kaweke mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa 1.5mm. Kwenda na kurudi mita 20, omu 0.24, volti zinazopotea 5 × 0.24 = 1.2. Asilimia 10 ya umeme wako imekufa njiani kabla haijafanya kazi, na pampu inapata 10.8 wakati betri iko vizuri kabisa, mtu anaanza kulaumu betri. Weka 4mm, unapoteza kama 0.46 tu. Kwenye 12V nunua waya mnene kwanza, paneli ya pili baadaye.

Lebo ya paneli nayo ina namba nne na watu wanazidisha zile zisizokutana. Paneli ya wati 100 inaweza kuandikwa Voc 22, Isc 6, Vmp 18, Imp 5.56. Voc ni volti wakati haijaunganishwa na kitu, Isc ni ampia ukiipiga shoti, haziwezi kutokea pamoja, 22 × 6 inakupa 132 ambayo hakuna siku utaiona. Zidisha Vmp na Imp, yaani volti na ampia pale paneli inapotoa wati zake nyingi kabisa, 18 × 5.56 = 100.

Kama unaweka kataa ka LED kwenye bodaboda, usisahau kwamba injini ikiwa imewaka betri inafika volti 14.4. LED nyeupe inachukua kama volti 3 na ampia 0.02, zinazobaki 11.4 lazima zibebwe na rizista (kakifaa ka kuongeza omu njiani): 11.4 ÷ 0.02 = omu 570, dukani chukua 560. Wati zake 11.4 × 0.02 = 0.23, rizista ya robo wati iko ukingoni, weka ya nusu wati.

Vifaa vinavyodanganya

Globu ya zamani ya wati 60 kwa hesabu ina omu 882. Ipime ikiwa baridi utapata 60 na kitu. Mita haijaharibika, ule waya wa tangsteni ukiwaka unapata joto la nyuzi zaidi ya 2000 na omu inapanda zaidi ya mara kumi. Ndo maana globu nyingi hufa pale pale unapowasha swichi, sekunde ile ya kwanza zinavuta ampia nyingi. Koili za birika na pasi omu zake hazibadiliki sana kwa joto, kwahiyo hesabu za juu zinasimama.

Mota ndo kabisa. Pima waya wa mota ya pampu unaweza kukuta omu 10, ukigawanya 230 kwa 10 unapata ampia 23, wakati pampu inavuta 3 au 4. Mota ikizunguka inazalisha msukumo wake wa kupinga umeme unaoingia, omu ya waya ni sehemu ndogo ya hadithi. Ila ikikwama haizunguki, ule upinzani unaondoka, ampia zinapaa na waya unaungua. Friji kwenye umeme mdogo inaelekea huko huko: kompresa ina kazi yake ya kusukuma gesi, volti zikishuka inavuta ampia zaidi ili iimalize, kinyume kabisa cha birika, kwahiyo ile kinga ya friji inayokata umeme ukishuka sio urembo.

Hata V × I kwa mota haitoi wati kamili. Tuseme friji ina lebo ya 230V, 0.9A, 120W. Kuzidisha kunakupa 207, lebo inasema 120, na lebo iko sawa, kwa sababu ampia na volti kwenye mota hazipandi na kushuka kwa pamoja. Kwa waya na breka tumia ampia za kwenye lebo, 0.9. Kwa LUKU tumia wati, na kwa kuwa friji inawaka na kuzima yenyewe, hata hizo 120 usizidishe kwa saa 24, zima vingine vyote usiku mmoja, andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na uzisome tena asubuhi.